Niliandika Kwamba Hafuati Masharti

Kosa langu ni hili. Kijana mmoja mwenye kisukari alikuwa akijichoma insulini vizuri, chini ya ngozi ya tumbo, kama alivyofundishwa hospitalini. Mimi nikamfundisha kuizamisha ndani ya msuli wa paja. Sukari yake ilipoanza kushuka ghafla, leo hivi, keshokutwa vile, nilimlaumu yeye. Niliandika kwenye kadi yake, kwa kalamu nyekundu, kwamba hafuati masharti. Kosa hilo lilipomuunguza mkono, na mwenzangu kazini alipoanza kuuliza chanzo chake, nilisema mbele ya kijana huyo kwamba alinielewa vibaya. Hakunielewa vibaya. Alifanya kila nilichomwambia, kwa uaminifu kuliko wagonjwa wengi niliowahi kuwahudumia.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika zahanati za wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, nchi ya miombo, asali na tumbaku. Kijiji sikitaji, wala zahanati, wala jina la kijana, maana alikwisha kunyooshewa vidole vya kutosha. Yeye na wazazi wake wanajua kwamba naandika. Baba yake ndiye aliyenipa sababu ya kuandika, na sababu hiyo nitaieleza mahali pake.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa sababu wengi wetu, wagonjwa kwa wauguzi, tunaamini kwamba dawa ikishaingia mwilini kazi imekwisha. Sivyo. Dawa ileile, kwa kipimo kilekile, hufanya kazi tofauti kulingana na tabaka ilimowekwa. Juu kuna ngozi, ambayo mahali pa kuchomea insulini ina unene wa milimita 2 hivi, kwa mnene na kwa mwembamba. Chini yake kuna mafuta, ambayo kwa huyu ni mengi na kwa yule ni utando tu. Chini ya mafuta ndipo ulipo msuli. Msuli una damu nyingi, na ukifanya kazi damu huongezeka. Dawa iliyowekwa humo huchukuliwa upesi. Mafuta yana mishipa michache ya damu, kwa hiyo hutoa dawa kama ghala linavyotoa mahindi, debe kwa debe.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 1998 Estelle Simons na wenzake huko Canada walichapisha utafiti uliolinganisha njia mbili za kuwachoma watoto adrenalini, dawa inayomwokoa mtu aliyepatwa na mzio mkali. Ilipochomwa kwenye msuli, dawa ilifika kiwango chake cha juu katika damu kwa wastani wa dakika 8. Ilipochomwa chini ya ngozi, ilichukua dakika 34. Kwetu Sikonge, ambako watu hupanda miti kurina asali na nyuki ni riziki ya nyumba nyingi, kila muuguzi anapaswa kuzijua namba hizo mbili kwa moyo. Mtu ambaye koo linafunga baada ya kuumwa na nyuki hana nusu saa ya kungoja.

Mifano mingine tunaishika mikononi kila siku. Oksitosini ya mama aliyejifungua, uniti 10, huingia msulini, kwa kuwa damu ikianza kumwagika hakuna muda. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ipo ya namna mbili: ya msulini ina miligramu 150 za dawa, ya chini ya ngozi ina miligramu 104 tu, na zote mbili humlinda mama kwa miezi ileile mitatu. Chanjo ya pentavalenti, ambayo ina chumvi za alumini, huwekwa ndani ya paja la mtoto. Ikiachwa kwenye mafuta huweza kuacha uvimbe mgumu wenye maumivu. Ya kichaa cha mbwa haichomwi takoni, maana mafuta ya hapo huweza kuipunguzia nguvu. Ya surua na rubella huwekwa chini ya ngozi ya mkono. Nayo diklofenaki, ambayo watu wa kwetu huidai kwa kila maumivu ya mgongo, ikikosa msuli huweza kuua nyama ya mahali ilipochomwa.

Mkono wa muuguzi hufika kwenye tabaka analolitaka kwa kuangalia mambo matatu: urefu wa sindano, pembe ya kuingilia na namna ya kushika ngozi. Kwa msuli wa mtu mzima, sindano ya milimita 25 hadi 38 huingia wima, ngozi ikiwa imenyooshwa. Kwa chini ya ngozi, sindano huwa fupi na nyembamba. Ngozi hubanwa kwa vidole viwili ili mafuta yanyanyuke kutoka juu ya msuli, kisha sindano huingizwa kwa kulazwa, nyuzi 45 hivi. Sindano za insulini zilizo fupi kabisa, za milimita 4, zinaweza kuingia wima, kwa sababu haziwezi kwenda mbali.

Haya yote niliyajua. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu sitaki kujificha nyuma ya kutojua. Kila siku ya chanjo niliibana ngozi ya mkono wa mtoto wa miezi tisa, nikalaza sindano, nikamchoma surua chini ya ngozi, kisha nikamgeukia mdogo wa wiki sita na kumchoma pentavalenti ya paja, wima. Mkono wangu ulizijua njia mbili na kuzitenganisha bila kufikiri. Ilipokuja insulini, sikuupa nafasi ya kufikiri.

Sababu moja ni kwamba niliamini sindano inayozama ndiyo inayotibu. Imani hiyo nimeirithi, na ina mizizi mirefu katika nchi hii. Kuanzia miaka ya 1920, sindano za buba zilipoenea Tanganyika, watu waliona vidonda vya miaka vikikauka kwa muda mfupi, wakatembea masafa marefu kuifuata sindano. Hapa Sikonge Wamoravian walijenga misheni, na hospitali yao ikawa kimbilio la wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi. Kabla ya vidonge vya dapsone, makambi ya ukoma duniani yalitegemea sindano za mafuta ya chaulmoogra, nzito na zenye maumivu. Nilikua nikisikia wazee wakimwambia mganga, "Nichome ile inayouma." Nilipoanza kazi nilikuta hivyohivyo: sindano isiyouma ilidharauliwa, na nesi mwenye mkono mwepesi alionekana hajui kazi.

Imani hiyo imelemaza watu. Mashariki mwa Uganda, madaktari wa hospitali ya Kumi wamewahudumia watoto wengi waliopooza mguu au kukakamaa nyonga baada ya sindano za takoni, nyingi zikiwa za kwinini. Mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni hupita hapohapo. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, ambao watoto wa Muheza na Korogwe walishiriki, ulionyesha kwamba artesunate ya sindano huokoa maisha zaidi ya kwinini katika malaria kali, na tangu hapo kwinini imeondoka polepole mikononi mwetu. Dawa ilibadilika. Kichwani mwangu niliendelea kuamini kwamba kina ndiyo nguvu.

Kijana huyu aligunduliwa na kisukari akiwa sekondari, baada ya kukonda na kuamka usiku kucha kwenda kukojoa. Mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa Toronto, aliyekuwa na miaka 14, alipokuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, ugonjwa wa namna hii ulikuwa hukumu ya kifo. Huyu wetu alilazwa, akaanzishiwa insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, akarudi kijijini na vichupa vyake na mabomba madogo yenye vifuniko vya rangi ya chungwa. Mama yake alizika chungu ndani ya mchanga uliolowekwa maji, kwenye kona yenye kivuli, akaweka humo kopo la dawa. Jokofu hawakuwa nalo.

Mabomba ya insulini yakaisha, kwake na kwetu. Alikuja zahanati kuuliza. Tulikuwa na mabomba ya kawaida ya mililita 1, na sindano za milimita 25 tunazotumia kwa dawa za msulini. Kipimo nilikihesabu sawasawa: insulini yetu ina uniti 100 kwa kila mililita, kwa hiyo uniti 14 ni sehemu 14 kati ya mia za bomba lile. Nilijivunia hesabu yangu. Kisha nikamwambia ajichome nimwone. Akabana ngozi ya tumbo.

"Hapana," nikasema. "Hili si bomba la kubania. Chomea paja. Simamisha wima, ingiza yote."

"Hospitali walinionyesha nibane, mama."

"Walikuonyesha kwa bomba lao. Sasa unatumia hili."

Akafanya. Ni kijana mwembamba. Paja lake halina mafuta ya kushika kwa vidole viwili. Sindano ilizama mpaka plastiki ya kitako chake ikagusa ngozi. Akauma mdomo. Nikamwambia sasa dawa imefika inapotakiwa. Laiti ningenyamaza, angeendelea kubana ngozi yake, na hata kwa sindano ile ndefu angekuwa na nafuu.

Baada ya hapo matatizo yakaanza. Kuna siku sukari ilikuwa juu, na kuna siku aliletwa akitokwa jasho la baridi, maneno yakimchanganya, mashine ya kupima sukari ikionyesha chini ya milimoli 3 kwa lita. Tulimpa sukari ya kwenye maji akizinduka, au ya mshipani akiwa hajiwezi. Kila mara nilimuuliza swali moja: "Umekula?" Akijibu ndiyo, nilimuuliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Nilimpunguzia kipimo, sukari ikapanda, nikamrudishia, ikaanguka. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka. Sikumwambia anionyeshe paja. Nilichukua kalamu nyekundu.

Msimu wa kukausha tumbaku ukafika. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, na tanuri lake huchochewa kuni usiku na mchana kwa siku mfululizo. Moto ukishuka, jasho la msimu mzima linaharibika. Nyumba zetu hupeana zamu. Jioni moja kijana alijichoma, akala, akapanda baiskeli kwenda kwenye bani la baba yake. Usiku, akisukuma gogo tanurini, mikono ikaanza kumtetemeka. Alianguka, na mkono wake wa kushoto ukalalia bati la mlango wa tanuri. Mdogo wake alimvuta, akampaka asali midomoni na kumnywesha kidogokidogo alipoweza kumeza. Asali hiyo ndiyo iliyomrudisha.

Habari ilifika kijijini kabla yake: mtoto wa fulani amekunywa gongo akaangukia moto. Ilikuwa rahisi kuaminika, kwa sababu watu walikwisha kumwona akipepesuka njiani mchana. Na mimi, niliyekuwa na kipimo cha sukari mkononi, sikusimama kumkanusha mtu yeyote.

Wakati huo tulikuwa tumempata muuguzi mpya, binti aliyetoka chuoni muda si mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa akikisafisha kidonda. Siku moja, akiwa anafunga bandeji, akamwambia, "Mdogo wangu, hebu nionyeshe unavyojichoma." Akampa bomba lisilo na sindano. Kijana akanyoosha paja, akasimamisha bomba wima, akalisukuma kwa nguvu mpaka likaacha alama ya duara kwenye ngozi.

Binti akaitazama ile alama. "Nani alikufundisha hivi?"

Kijana akanitazama mimi. "Mama pale."

Nilikuwa mezani nikijaza rejista. Nilisema, bila kusimama, "Alinielewa vibaya. Nilimwambia chini ya ngozi."

Kijana akainamisha uso. "Samahani, mama," akasema. "Labda nilisahau."

Nimekosea vitu vingi katika kazi hii, na vingi nimejisamehe, kwa kuwa uchovu na uhaba ni kweli. Hili la kumwacha mtoto aliyeungua aniombe msamaha kwa kosa langu sijalipatia utetezi, na sitafuti. Sindano nilikosea kwa mazoea. Uongo niliusema kwa kuchagua.

Usiku ule nilikaa na mwongozo wa kisukari uliokuwa kabatini tangu mafunzo. Hakukuwa na jambo geni. Insulini huwekwa kwenye mafuta ili itoke taratibu. Ikiingia msulini hutoka haraka, na msuli huo ukifanya kazi hutoka haraka zaidi; sukari huweza kuporomoka kabla chakula hakijaisaidia. Ndiyo maana mgonjwa hushauriwa asichome paja kisha akaendesha baiskeli. Mimi nilimchomesha msuli wa paja kijana anayekwenda kila mahali kwa baiskeli.

Asubuhi nilimwambia yule binti kwamba nilisema uongo, na nikamweleza nilichomfundisha mgonjwa. Hakunihubiria. Alisema, "Basi twende kwao, mama, kabla hajajichoma ya jioni." Akatafuta sindano fupi zilizokuwa zimebaki, akaziweka kwenye mfuko.

Tulimkuta nyumbani na wazazi wake wote wawili. Nilisema nilichofanya tangu mwanzo: mabomba yalipoisha, sindano ndefu, paja, kadi, na maneno yangu ya zahanati. Nilimwomba kijana msamaha kwa kumtaja. Mama yake aliingia ndani, akatoka na daftari la shule. Sikuwa nimewahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kila siku ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: saa ya kuchoma, uniti ngapi, alikula nini, alikwenda wapi. Ugali na mlenda, baiskeli mpaka chama cha msingi, kizunguzungu. Wali na maharage, nimekaa nyumbani, salama. Ugali na samaki, baiskeli mpaka bani, nimeanguka. Jibu nililokuwa nikilitafuta lilikuwa limeandikwa na mtu niliyemwita mzembe.

Baba alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu mtoto hakuwa anakunywa?"

Nikasema hakuwa anakunywa. Ilikuwa sukari imeshuka.

Akamgeukia mwanawe, akashindwa kusema. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amempiga kwa ajili ya pombe hiyo ambayo haikuwapo. Aliponirudia alisema neno ambalo ndilo lililonifikisha kwenye karatasi hii: "Kosa lako umelisema humu ndani. Mwanangu alisemwa nje."

Alikuwa na haki. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji nafasi katika mkutano wa hadhara, nikasimama na kueleza kwamba kijana yule hakuwa mlevi, kwamba alikuwa akianguka kwa sababu ya dawa iliyowekwa mahali pasipo pake, na kwamba aliyemfundisha kuiweka hapo ni mimi. Wengine waliguna. Mama mmoja alisema angalau sasa anajua kwa nini mumewe alikuwa akitetemeka baada ya sindano. Niliandika pia taarifa kwa wakubwa wangu wa kazi, nikapewa onyo la maandishi, na nililistahili. Kisha tulipitia rejista, tukawaita wote niliowahi kuwapa sindano ndefu. Tulimkuta mwingine aliyekuwa akijichoma hivyohivyo, mume wa mama yule wa mkutanoni.

Kijana alirudi kwenye tumbo. Binti alimkumbusha alichokuwa akikijua: bana mkunjo wa ngozi, laza sindano, sukuma dawa, hesabu polepole mpaka kumi ndipo utoe, na kesho sogea mahali pengine, maana pakichomwa palepale mafuta huvimba na dawa hutoka ovyo. Ilibidi kipimo kipangwe upya, kwa kupima mara kwa mara. Sukari haikunyooka mara moja, lakini yale maanguko ya ghafla yaliacha kuwa habari ya kila juma. Mkono ulipona na kovu. Vidole viwili havinyooki mpaka mwisho, na jembe analishika kwa kulipindisha. Hilo sikuweza kulirudisha.

Watu huniuliza kwa nini silaumu uhaba wa mabomba. Uhaba ulikuwa wa kweli. Insulini inatakiwa kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa, na inatoka Dar es Salaam mpaka Tabora, mji ule wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, kisha inashuka kusini kwetu. Kichupa kikifika, bomba la kufaa linatakiwa kufika pamoja nacho. Kukileta kimoja bila kingine ni kumwachia mgonjwa hatari. Ni haki yetu kudai hilo, na nitaendelea kulidai. Lakini uhaba haukuniambia nimkataze kubana ngozi. Haukuniandikia maneno kwenye kadi. Sindano ndefu ilikuwa ya kukosekana kwa vifaa. Kiburi kilikuwa changu.

Na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, sisi tunaovaa sare. Maneno "hafuati masharti" ni mepesi kuandika kuliko maneno yoyote kwenye kadi ya mgonjwa. Yanamfunga yeye na kutufungua sisi. Yakishaandikwa, anayefuata huyasoma na kuacha kutafuta. Mgonjwa wa kijijini hatabishana nayo, kwa sababu kesho atatuhitaji tena. Kijana yule alikuwa na ushahidi wa kunitia hatiani, ameuandika kwa mkono wake, na bado aliniomba msamaha. Heshima ya watu wetu kwa mganga na nesi ni kubwa kiasi hicho, na ndiyo inayofanya makosa yetu yaishi muda mrefu.

Kwenu mnaojichoma wenyewe au kumchomea mtoto: ukipewa bomba tofauti na ulilozoea, uliza mambo mawili kabla ya kuondoka. Sindano hii ina urefu gani? Na dawa hii inakaa chini ya ngozi au ndani ya msuli? Ukiona maelekezo mapya yanapingana na uliyofundishwa mwanzo, sema hivyo kwa sauti, hata kama anayekuelekeza ana mvi. Andika daftari kama alivyoandika yule kijana, ulilete, ulifungue mbele ya muuguzi.

Na kwako muuguzi mwenzangu unayesoma haya: mimi nilichelewa. Kesho mwite mgonjwa wako wa insulini, mpe kiti, mwambie afunue mahali anapochoma na akuonyeshe anavyofanya tangu kushika kichupa mpaka kutoa sindano. Usimwelekeze, tazama tu. Ukikuta kosa, uliza nani alimfundisha. Na kama ni wewe, mwambie hapohapo, mbele ya wote waliosikia ukimlaumu.